Punguzo la Supamaketi Hulipwa na Nani?

Mtindi ukishushwa bei supamaketi, lazima pawe na mtu anayeziba pengo. Mara nyingi ni yule aliyeuleta, yaani msambazaji.

Tuchukue mzigo wa shilingi 100,000 uliogharimu 75,000 kuutengeneza. Faida ya karatasini ni 25,000. Mkataba unairuhusu supamaketi kukata asilimia 10: zimeondoka 10,000. Mchango wa matangazo, 3,000. Mtindi uliopitwa na tarehe rafuni unarudishwa kwa mwenyewe, 4,000. Malipo yanaingia baada ya siku 90, na ule mtaji ulikopwa benki kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka: karibu 3,000. Zimebaki 5,000, na bado hajalipwa kijana anayeshinda dukani akipanga bidhaa, ambaye mshahara wake unamwangukia msambazaji. Hapo pa kubana ni pawili tu: bei ya maziwa anayolipwa mfugaji, na ujira wa vibarua kiwandani.

Nchini Kenya haya yamefika mbele ya sheria. Kampuni ya mtindi ya Orchards ililalamika dhidi ya Majid Al Futtaim, inayoendesha Carrefour, kuhusu makato na mzigo wa kuweka wafanyakazi wake dukani, miongoni mwa mengine. Mamlaka ya Ushindani iliona nguvu ya mnunuzi, yaani supamaketi, imetumiwa vibaya, na Aprili 2021 Baraza la Ushindani likaunga mkono uamuzi huo.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, mkataba wa aina hii unatakiwa utaje masharti na tarehe ya malipo, riba ya kuchelewesha, namna ya kuuvunja au kuubadilisha, na njia ya kutatua mgogoro. Wengi hunaswa kwenye tarehe. “Siku 60” zinahesabiwa tangu lini: mzigo ulipopokelewa, au ankara ilipoingizwa kwenye mfumo? Iandikwe. Na dereva asiondoke bila hati ya mapokezi iliyogongwa muhuri, yenye idadi ya katoni zilizokubaliwa na zilizokataliwa. Bila hiyo, kudai ni kubishana tu.

Tena usimtegemee mnunuzi mmoja. Januari 2020 wadai wa Nakumatt, kampuni ya supamaketi ya Kenya, walipiga kura ifungwe. Kampuni ikifilisika, benki yenye dhamana hutangulia, na msambazaji mwenye ankara tu, bila dhamana, hungoja nyuma yake.