Tamthilia si kazi ya mtu mmoja

Wengi tumekua tukiamini kwamba mwandishi humaliza tamthilia peke yake, kisha waigizaji hukariri. Nadhani ni kwa sababu shuleni tuliisoma kama kitabu cha mtihani. Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981 na leo kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), ngoma, uigizaji na muziki hufundishwa chini ya paa moja, na kwa kundi linalobuni mchezo mpya ukaribu huo ni hazina.

Mara nyingi kundi huanza na kisa tu. Chukua mwigizaji wa mjane: anasita kabla ya kutamka, mpiga ngoma anaingiza pigo moja katika ukimya ule, na mwongozaji anafuta sentensi tatu zilizofuata. Pigo limeshazisema. Mwandishi yupo pembeni, anaandika upya.