Kanzidata ya faili na kanzidata ya seva: unapata nini, unaacha nini

Kanzidata ni hifadhi ya data iliyopangwa ili iweze kutafutwa na kubadilishwa. Kanzidata ya faili ni ile inayoishi ndani ya programu yako. Hakuna seva ya kuwasha wala nenosiri la kuingilia. Data yote iko kwenye faili moja ambalo unaweza kulibeba kwenye flashi. Inayojulikana zaidi katika kundi hili ni SQLite. Kanzidata ya seva ni programu inayojitegemea, inayokesha ikisubiri programu nyingine ziipigie hodi kupitia mtandao. Humo wamo PostgreSQL, MySQL na MariaDB. Tofauti ni hiyo tu, lakini ndiyo inayozaa mengine yote: gharama, usumbufu, usalama wa data, hata kama utahitaji kuajiri mtu wa kuiangalia.

Anayeanza mradi huuliza kwanza ipi ina kasi. Jibu lipo ila halimfikishi mbali, maana miradi mingi haitakaribia kamwe kikomo cha yoyote kati ya hizi. Mimi huanza na maswali mengine: nani ataandika humo, wangapi kwa mara moja, na umeme ukikatika katikati ya kuandika kitabaki nini?

SQLite ilianzishwa mwaka 2000 na Mmarekani D. Richard Hipp, aliyekuwa akiandika programu ya kutumika ndani ya meli ya kivita ya Jeshi la Majini la Marekani. Kanzidata waliyokuwa nayo ilikuwa ya seva, na seva ikigoma, programu yake haikuwa na la kufanya zaidi ya kumwambia mtumiaji kwamba imeshindwa kuunganishwa. Lawama, kama kawaida, zinamwangukia aliyetengeneza kile kinachoonekana kwenye skrini. Hipp akaona data yenyewe haikuwa ya kuhitaji seva. Programu ingeweza kusoma diski yenyewe. Leo SQLite imo kwenye kila simu ya Android na kila iPhone, na jumbe zako za WhatsApp zimehifadhiwa humo. Msimbo wake ni mali ya umma, huombi leseni kwa mtu yeyote.

Tuchukue duka la vipuri vya magari pale Kariakoo, lenye kompyuta moja ya mauzo. Muuzaji anaandika mchana kutwa, mwenye duka anasoma ripoti jioni. Kuwawekea hawa PostgreSQL ni kuwatafutia kazi: seva iwake kila kompyuta inapowashwa, nenosiri lisipotee, na toleo jipya likitoka aitwe fundi. Kwa SQLite, faili la mauzo lina jina na mahali pake, na nakala rudufu ni faili lingine. Angalia jambo moja tu: usilinakili kwa njia ya kawaida wakati programu inaandika, utachukua kazi nusu. Amri ya VACUUM INTO hutoa nakala iliyokamilika hata mauzo yakiwa yanaendelea.

Mambo hubadilika programu nyingine zinapoanza kuandika humo humo, tuseme ya stoo au ya oda za mtandaoni. SQLite ni kama daftari lenye kalamu moja: wa kuchungulia wanaweza kuwa wengi, anayeandika ni mmoja, wa pili hungoja zamu. Kungoja kwenyewe ni sehemu ndogo ya sekunde, ila programu isipoambiwa ingoje, inaweza kurudisha papo hapo kosa linalosema kanzidata imefungwa. Hapo ndipo watu huanza kusema SQLite ni ya kufanyia mazoezi tu. Mara nyingi tiba ni mistari miwili:

PRAGMA journal_mode=WAL;
PRAGMA busy_timeout=5000;

Wa kwanza unawasha WAL, namna nyingine ya kuandika. Badala ya kugusa faili kuu, maandishi mapya huingia kwanza kwenye faili la pembeni, hivyo anayesoma na anayeandika hawazuiani. Njia hii ilikuja na toleo la 3.7.0 mwaka 2010. Wa pili unaiambia programu ikikuta kufuli ivumilie hadi milisekunde 5000 ndipo ilalamike.

Kisichotibika kwa mistari hiyo ni ule mtindo wa kuliweka faili kwenye folda ya pamoja ya mtandao ili kompyuta ya pili nayo ilifungue. WAL inategemea kumbukumbu inayoshirikiwa ndani ya kompyuta moja, kwa hiyo hapo haifanyi kazi kabisa, na hata bila WAL, makufuli ya mifumo mingi ya faili za mtandao si ya kuaminika. Faili linaweza kuharibika, tena siku ya mauzo mengi. Kompyuta ya pili ikishataka kuandika, mimi nahamia seva bila mjadala.

Sasa umeme. Mauzo ya pedi za breki ni mambo matatu kwa pamoja: idadi ya stoo ipungue, risiti iandikwe, hela iongezeke kwenye kaunta. Mambo hayo yakifungwa pamoja huitwa muamala, na sharti lake ni moja, yafanyike yote au lisifanyike hata moja. SQLite, PostgreSQL, na MySQL kwa majedwali (orodha za data zenye mistari na safu) yanayotumia InnoDB, injini yake ya kuhifadhi, zote zinalitimiza. Gharama iko mwishoni mwa muamala, pale kanzidata inapouambia mfumo wa uendeshaji: usiniambie umeandika kabla hujaifikisha diskini kwelikweli. Kisha inasubiri. Kwenye diski ya kuzunguka, kusubiri huko kunaruhusu miamala michache tu kwa sekunde, makumi hivi. Ndiyo maana mtu akiingiza bidhaa 10,000 mojamoja, kila moja muamala wake, anaweza kwenda kunywa chai na kurudi akute bado. Akizifunga zote ndani ya BEGIN na COMMIT moja, amri za kuanza na kumaliza muamala, zinaisha mara moja. Programu ni ile ile na diski ni ile ile.

Kusubiri huko kunaweza kupunguzwa, na hapa ndipo ninapotaka msomaji awe makini, kwa sababu mipangilio miwili inayofanana hutofautiana vibaya sana. PostgreSQL ukiizimia synchronous_commit, yaani kule kusubiri mwishoni mwa muamala, inajibu kabla data haijatua diskini. Umeme ukikatika, miamala ya mwisho kabisa inaweza kupotea, lakini kilichobaki ni kizima na hesabu zake zinakubaliana. Ukizima fsync, ile amri ya kuulazimisha mfumo ufikishe data diskini, umeondoa ulinzi wenyewe: umeme ukikatika unaweza kukuta kanzidata nzima haifunguki. Mpangilio wa kwanza sina ugomvi nao kwa kumbukumbu za nani alibonyeza nini kwenye tovuti. Kwa pesa za watu, hata huo siuzimi. Wa pili hauna nafasi kwenye mashine yoyote yenye data unayoihitaji kesho, hata kama makala fulani ya kuongeza kasi yameupamba.

PostgreSQL ilitokana na mradi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulioanza 1986 chini ya Michael Stonebraker, na jina la sasa lilipatikana 1996. Sifa yake kubwa ni kwamba mstari wa jedwali, yaani rekodi moja, ukibadilishwa haufutwi papo hapo. Toleo jipya la mstari huandikwa pembeni, na aliyekuwa akisoma la zamani anamaliza kwa amani. Wengi wanaandika, wengi wanasoma, hakuna foleni ila wawili wakigombea mstari ule ule. Ila matoleo ya zamani hujazana, na lazima kuwe na mfagiaji. Yupo, anafanya kazi mwenyewe, lakini jedwali linalobadilishwa usiku na mchana linaweza kumzidi. Halafu kila muunganisho ni mchakato kamili unaokula kumbukumbu, na kwa kawaida mwisho ni miunganisho 100, kwa hiyo programu inayofungua miunganisho ovyo inagonga ukuta mapema. Toleo kubwa la PostgreSQL yenyewe hutoka kila mwaka na kutunzwa miaka 5, kisha lazima uhame. SQLite ni mzee mtulivu zaidi: faili la toleo la 3, la mwaka 2004, bado linafunguka, na waandishi wake wametangaza nia ya kuitunza hadi 2050.

Kati ya seva na seva nako kuna kupata na kupoteza. Uber walihama kutoka MySQL kwenda PostgreSQL mwaka 2013. Mwaka 2016 wahandisi wao wakaeleza kwa nini wamerudi MySQL. Sababu moja ni ya kiufundi na inafundisha. Fikiria jedwali la safari lenye faharasa kumi, yaani orodha za pembeni za kutafutia haraka. Kwa PostgreSQL, kila faharasa inaonyesha mahali mstari ulipolala diskini. Ukibadilisha safu moja iliyo kwenye faharasa, toleo jipya linalala mahali pengine, na faharasa zote kumi zinaandikwa upya, hata zile tisa zisizohusika. Kwa MySQL yenye InnoDB, faharasa za ziada zinaonyesha ufunguo mkuu wa mstari, yaani kitambulisho chake cha pekee, na ufunguo hauhami, kwa hiyo ni faharasa inayohusika tu inayoguswa. Bei yake ni kwamba ukitafuta kwa namba ya simu unapata kwanza ufunguo, kisha unauendea mstari kwa ufunguo huo, hatua mbili badala ya moja. Kwa aliye na mabadiliko mengi kila sekunde hiyo ni nafuu. Duka la Kariakoo halitaiona tofauti hiyo maishani, kwa hiyo mtu akikuambia uchague MySQL kwa sababu Uber waliichagua, muulize kwanza ana safari ngapi.

Ukali wa aina za data ni jambo ambalo watu hulidharau. Kwenye safu ya bei, SQLite kwa kawaida itakubali mtu aandike 5,000/= kama maandishi. Haitalalamika, na jumla ya mwezi itatoka na makosa bila kelele. Tangu 2021 unaweza kuandika STRICT mwishoni mwa jedwali ikaanza kukataa. Nakushauri ufanye hivyo tangu siku ya kwanza. Hata uhusiano wa jedwali na jedwali haulindwi mpaka uwashe foreign_keys kwenye kila muunganisho. MySQL nayo ilikuwa na ulegevu wake, ikikata maneno marefu kimyakimya, mpaka toleo la 5.7 la mwaka 2015 lilipoufanya ukali kuwa hali ya kawaida. PostgreSQL inakataa mlangoni. Siku za mwanzo inaudhi. Mwaka wa tatu unashukuru.

Kuna sababu zisizo za kiufundi, na huku kwetu ndizo mara nyingi zinazoamua. Hosting (nafasi ya kukodi ya kuwekea tovuti) ya bei nafuu ya kushirikiana, yenye cPanel ya kuiendeshea, inakuja na lugha ya PHP na MySQL. PostgreSQL ukiitaka huenda ukahitaji kukodi seva yako pepe na kuitunza mwenyewe. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wenye asili yake kwenye kazi za kliniki za Eldoret, unatumia MySQL au MariaDB. DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, inayobeba takwimu za afya za nchi zetu nyingi, inatumia PostgreSQL. Anayejenga kitu cha kuongea na moja kati ya hizo ana sababu nzuri ya kufuata njia yake, hata kama moyo unapenda nyingine, kwa kuwa watu wanaoijua wako karibu.

Leseni nazo hubadilika chini ya miguu. Kampuni ya Oracle ilipokuwa njiani kuichukua MySQL, MariaDB ilichipuka kutoka humo 2009. MongoDB, kanzidata nyingine ya seva, ilibadilisha leseni yake 2018. Redis, nyingine tena, ilifanya hivyo Machi 2024, na ndani ya siku chache Valkey, tawi lake huria, ikazaliwa chini ya shirika la Linux Foundation. Mwaka uliofuata Redis wakarudisha leseni huria kama mojawapo ya chaguo. Programu ya mtu binafsi haitetereki kwa hayo, lakini kampuni inayouza huduma juu ya kanzidata hizo inapaswa kusoma leseni kabla ya mkataba.

Kwa kazi za vijijini jibu huwa ni zote mbili. Mfumo wa ODK, unaotumika sana kukusanya taarifa za kaya na zahanati, unaweka SQLite kwenye simu ya mkusanyaji na PostgreSQL kwenye seva ya ofisi. Simu inafanya kazi pasipo na mtandao, kisha inatuma ikifika penye mnara. Ukijenga mfumo wa namna hiyo, cha kwanza kukusumbua ni namba za kumbukumbu. Simu mbili zisizoonana haziwezi kuhesabu 1, 2, 3, zote zitatoa kaya namba 1. Dawa yake ni UUID, namba ndefu ambayo kila simu huitengeneza peke yake bila hofu ya kugongana na nyingine. Inakula baiti 16 pale ambapo namba ya kawaida ingekula 4 au 8, na ile ya kubahatisha hutawanya faharasa ovyo jedwali likikua. Toleo la 7 la UUID, lililowekwa kwenye viwango mwaka 2024, linaanza na saa, kwa hiyo kumbukumbu mpya hukaa karibu na mpya wenzake. PostgreSQL ina aina maalumu ya kuihifadhi. SQLite haina, kwa hiyo simuni utaiweka ama kama maandishi ya herufi 36 ama kama baiti 16 tupu, na uamue ipi kabla simu ya kwanza haijatoka ofisini.