Nuktamkato: wakati nukta inazidi na mkato hautoshi

Tazama umbo lake: nukta juu, mkato chini. Nuktamkato (;), au semikoloni kama wengine wanavyoiita, humtuliza msomaji zaidi ya mkato bila kumsimamisha kabisa kama nukta. Huwekwa kati ya sentensi mbili zilizokamilika, ambazo mwandishi hataki zitengane kwa kuwa ya pili inaieleza, inaipinga au inaikamilisha ya kwanza:

Taa zilizimika ghafla; hakuna aliyethubutu kusogea.

Kuipima ni rahisi. Iondoe, weka nukta, kisha usome kila upande peke yake. Upande mmoja ukining'inia, umekosea. "Mvua ilipoanza; tulikimbilia ndani" ni kosa, maana ukiishia kwenye "mvua ilipoanza", msomaji atauliza: ikawaje? Hapo panataka mkato.

Kwa Kiswahili mtego huwa ndani ya kitenzi chenyewe. Viambishi -po-, -ki- na -nge- hugeuza kishazi kuwa tegemezi, hata kama kiima na kitenzi vyote vipo. Ndiyo maana "Usipoziba ufa, utajenga ukuta" haikubali nuktamkato. Kiambishi -ka- nacho ni hivyo hivyo: katika "Alifungua mlango, akaingia, akaketi", matukio yameshashikana, kuyatia nuktamkato ni kufunga fundo juu ya fundo.

Penye "lakini" au "na", kwa kawaida mkato unatosha. Maneno kama "hata hivyo" na "kwa hiyo" ni tofauti, kwa sababu hayana nguvu ya kuunganisha sentensi mbili yakiwa na mkato tu: "Alisoma usiku kucha; hata hivyo, alifeli." Kuweka mkato hapo ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi ninapohariri, tena kwa waandishi wazuri.

Kazi yake nyingine ni kwenye orodha ambayo vipengele vyake vina mikato ndani: "Walikuja Asha, mwalimu; Juma, daktari; na Neema, mhasibu." Ukitumia mikato mitupu, msomaji anaweza kuhesabu watu sita. Ila usiitumie kufungulia orodha. Hiyo ni kazi ya nuktapacha (:).

Baada yake tumia herufi ndogo, isipokuwa kwa jina la pekee, na usiache nafasi kabla yake. Nikiona tatu katika aya moja, huanza kushuku kwamba mwandishi ameshindwa kuamua sentensi zake ziishie wapi.

Mchapishaji Aldus Manutius wa Venice, Italia, ndiye aliyeanza kuitumia kwa namna hii mwishoni mwa karne ya 15. Ukiikuta kwenye maandishi ya Kigiriki, sahau yote niliyosema: kule ndiyo alama ya kuuliza.