Kutapisha choo mvua ikinyesha: sheria inasemaje?

Nakaa Mabatini, Mwanza. Mvua kubwa ikianza, jirani wa juu anazibua tundu la choo chake, uchafu unapita mlangoni kwangu. Ni kosa au ugomvi wa majirani tu?

Ni kosa, tena la jinai. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani anayefanya, kwa uzembe au kinyume cha sheria, jambo analojua au alilopaswa kujua kwamba laweza kueneza ugonjwa wa kuhatarisha maisha. Adhabu inafika kifungo cha miaka 2, au faini, au vyote pamoja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inairuhusu mahakama kumtoza mchafuzi gharama za usafishaji.

Anasema mvua inasafisha yote.

Haisafishi, inahamisha. Ule uchafu unashuka kwenye mawe, unaingia mfereji ambao watoto wanachezea miguu mitupu, unakwenda Mto Mirongo, kisha ziwani. Kuna mtu chini huko anaosha sufuria.

Wala asijitetee kwamba kwake hakuna anayeumwa. Wengi wenye vimelea vya kipindupindu hawaoneshi dalili yoyote, ila kinyesi chao kinavyo. Anayeugua huanza kuharisha kati ya saa chache na siku 5 baada ya kuambukizwa, maji meupe kama yaliyooshea mchele, na asipopata tiba anaweza kufa siku hiyohiyo. Ndiyo maana siwezi kuliita jambo hili ugomvi wa majirani.

Nianzie wapi?

Kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa afya wa kata. Piga picha kukiwa kunatiririka, andika tarehe na saa. Mvua ikikatika ushahidi umeondoka. Kwa Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, afisa afya anaweza kukagua na kutoa ilani ya kuondoa kero. Jirani akikaidi, ni mahakamani.

Gari la majitaka halipandi huku. Afanyeje?

Kweli, kwenye miamba ile kuchimba shimo refu ni shida, na namwonea huruma. Lakini baadhi ya milima ya Mwanza sasa ina mabomba membamba ya majitaka yanayopita juu ya mawe. Aulize MWAUWASA, mamlaka ya majisafi na usafi wa mazingira Mwanza, kama yamefika karibu.

Wewe huku chini, maji ya kunywa yachemshe mpaka yatokote dakika 1 nzima, uyafunike.