Askari wa deraya nzito kwenye Fire Emblem: usiwapime kwa ulinzi peke yake

Anayeanza kucheza Fire Emblem, michezo ya video ya mbinu za vita, za kwenye kifaa cha Game Boy Advance hukutana mapema na askari wa deraya nzito, na swali lake la kwanza huwa moja: nani mgumu kuliko wote? Naona swali hilo linawapoteza wengi. Karibu wote ni wagumu. Ukimwacha mmoja nitakayemtaja baadaye, kila mvaa deraya katika michezo ile mitatu anaweza kusimama mbele ya majambazi wa sura za mwanzo bila kutetereka. Kinachowatenganisha ni mambo ambayo mchezaji huyapita haraka akifungua ukurasa wa takwimu: kasi, ukubwa wa umbo, idadi ya miraba wanayotembea kwa zamu moja, na sura wanayojiunga na jeshi.

Nikiitaja kwa majina ya mashujaa wake, ninazungumzia ule wa Roy uliotoka Japani mwaka 2002, ule wa Lyn, Eliwood na Hector wa mwaka 2003, na ule wa Eirika na Ephraim wa mwaka 2004. Nitakaa zaidi kwenye ule wa 2003, kwa sababu ndani yake kuna ulinganisho mtamu kuliko yote: Oswin, askari wa deraya nzito, na bwana wake, Hector.

Kwanza hesabu, maana bila hiyo tutabaki kubishana kwa mapenzi. Madhara ya pigo ni nguvu za mpigaji, ujumlishe nguvu za silaha, utoe ulinzi wa anayepigwa. Upanga hushinda shoka, shoka hushinda mkuki, mkuki hushinda upanga, na mshindi katika pembetatu hiyo ya silaha hupata pointi moja zaidi ya madhara pamoja na ulengaji bora. Kasi yako ikizidi ya mwenzako kwa 4 au zaidi, unapiga mara mbili. Silaha ikiwa nzito kuliko umbo lako, ile tofauti inakatwa kwenye kasi. Kanuni hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo inayompa mvaa deraya nusu ya thamani yake.

Oswin anaingia akiwa ngazi ya 9: uhai 28, nguvu 13, ustadi 9, kasi 5, ulinzi 13, kinga ya uchawi 3, umbo 16. Mlete jambazi mwenye nguvu 6 na shoka la chuma, ambalo nguvu zake ni 8. Ongeza pointi ya pembetatu kwa kuwa Oswin ameshika mkuki, unapata shambulio la 15. Toa 13, zinabaki 2. Jambazi huyo anahitaji mapigo 14 kumwangusha. Mpanda farasi mwenye ulinzi 5 na uhai 20 angekufa kwa mapigo mawili tu ya shoka hilo hilo.

Watu husema Oswin ni mzito, atapigwa mara mbili na kila mtu. Ni kweli, adui yeyote mwenye kasi 9 atampiga mara mbili. Lakini mara mbili ya nini? Mamluki mwenye nguvu 6 na upanga wa chuma wa nguvu 5, akipunguziwa pointi moja na mkuki, ana shambulio la 10. Mbele ya ulinzi wa 13 hiyo ni sifuri, na sifuri mara mbili ni sifuri. Ulinzi unakatwa kwenye kila pigo, kwa hiyo dhidi ya anayepiga mara mbili unafanya kazi mara mbili. Ndiyo maana katika nusu ya kwanza ya mchezo kasi ndogo ya Oswin haimdhuru hata kidogo, isipokuwa mbele ya wachawi. Mchawi mwenye shambulio la 10 humtoa pointi 7 kwa kila pigo, na akipiga mara mbili ni 14, yaani nusu nzima ya uhai wa Oswin katika zamu moja. Popote unapoona majoho, mrudishe nyuma.

Sasa lile umbo la 16. Mkuki wa kurusha una uzito wa 11. Mpanda farasi mwenye umbo la 9 akiushika hupoteza kasi 2, na Oswin hapotezi chochote. Mkuki mzito wa feleji una uzito wa 13, nao hivyo hivyo. Mkabidhi mkuki wa kurusha, msimamishe mlangoni, na zamu ya adui ikifika atamjibu aliye karibu na aliye mbali kwa nguvu za 13. Hamwui adui kwa pigo moja, na hapigi mara mbili, kwa hiyo maadui hubaki hai huku wamejeruhiwa vibaya. Mimi naona hilo ni zawadi. Askari wako wachanga wanapata windo lililokwisha kulegea, wanammalizia kwa usalama na kuchukua uzoefu. Mtu anayelalamika kwamba Oswin haui hajaangalia nani anayekua kwa sababu yake.

Umbo hilo lina gharama. Mchezo unaruhusu askari mmoja kumbeba mwenzake, na njia ya kawaida ya kumwahisha mzito mbele ni kumpandisha kwenye farasi. Uwezo wa kubeba wa mwanamume mpanda farasi ni 25 ukitoa umbo lake. Marcus, mwenye umbo 11, hubeba hadi 14. Oswin wa 16 hamwezi. Hector, mwenye umbo 13, anabebeka vizuri.

Na hapa kuna miguu. Askari wa deraya hutembea miraba 4 kwa zamu, wa miguu wa kawaida 5, wa farasi 7. Safari ya miraba 24 inamchukua mpanda farasi zamu 4, Oswin zamu 6, na hiyo ni kwenye ardhi tambarare. Msitu humla miraba miwili kwa kila mraba mmoja, mlima hapiti kabisa. Mwenda pole hajikwai, lakini kwenye ramani ndefu hufika vita vimekwisha. Wanaocheza kwa kufuata alama za mwisho wanajua kwamba idadi ya zamu inahesabiwa, na kumsubiri Oswin kunakula alama hizo. Ushauri wangu ni kwamba usimsubiri. Mweke mahali ambapo adui ndiye atakuja: kwenye lango, daraja au ujia wa ngome. Wala usimweke uwanjani wazi ukidhani maadui watamrukia yeye. Adui wa mchezo huu hupendelea kumpiga yule atakayemuumiza zaidi, kwa hiyo ukuta wenye nafasi pembeni ni ukuta unaozungukwa, na atakayelia ni mganga wako.

Hector yuko tofauti. Yeye ni kiongozi, siyo askari wa daraja la deraya, lakini mchezo unamhesabu kama mvaa deraya: nyundo na panga za kuvunjia deraya humuumiza kama zinavyomuumiza Oswin. Anaanza ngazi ya 1 na uhai 19, nguvu 7, kasi 5, ulinzi 8, kinga ya uchawi 0. Anatembea miraba 5. Asilimia zake za kukua, yaani uwezekano wa kila takwimu kuongezeka pointi moja apandapo ngazi, ni 90 kwa uhai, 60 kwa nguvu, 35 kwa kasi na 50 kwa ulinzi. Za Oswin ni 90, 40, 30 na 55.

Ukiwalinganisha wote wakiwa ngazi ya 9, wastani wa Hector ni uhai 26, nguvu karibu 12, kasi karibu 8, ulinzi 12. Oswin bado anamzidi kidogo kwa nguvu na ulinzi. Wapeleke hadi ngazi ya 20, kabla ya kupandishwa cheo, na picha inageuka. Oswin anakuwa na uhai 38, nguvu 17, kasi 8, ulinzi 19. Hector anakuwa na uhai 36, nguvu 18, na kasi kati ya 11 na 12. Ulinzi wake ni kati ya 17 na 18.

Mletee kila mmoja wao adui mwenye shambulio la 27 na kasi 13, tuache pembetatu pembeni. Kwa Oswin, 27 toa 19 ni 8, na kwa kuwa kasi 13 inazidi 8 kwa zaidi ya 4, anapigwa mara mbili: pointi 16. Anakufa kwa adui wa tatu wa namna hiyo. Kwa Hector, hata tukimpa ulinzi wa 17, madhara ni 10, lakini anapigwa mara moja tu. Anafika hadi adui wa nne. Mwenye ulinzi mdogo ndiye anayedumu zaidi, na kasi tatu nne zile ndizo zilizoamua. Hili ndilo ninalotaka msomaji alishike: mapema, ulinzi unafunika kasi ndogo, baadaye, shambulio la adui likishapanda juu ya ulinzi wako kwa pointi saba nane, kila pointi inahesabiwa mara mbili na deraya inaanza kuvuja.

Kwa hiyo mimi sisiti: kwa mchezo mzima Hector ni bora. Lakini Hector wa sura za mwanzo hamfikii Oswin, na ni Oswin anayemwezesha kukua bila kuuawa. Wanashika hata silaha zinazosaidiana, kwani shoka la Hector linashinda mikuki, na mkuki wa Oswin unashinda panga. Ukiwaweka bega kwa bega kwenye ujia wa miraba miwili, adui wa mkuki mpe Hector na wa upanga mpe Oswin.

Wallace naye, mvaa deraya mwingine wa mchezo huo wa 2003? Kwenye hadithi ya Lyn, yaani sehemu ya kwanza ya mchezo, anaingia akiwa ngazi ya 12: uhai 30, nguvu 13, ustadi 7, kasi 5, bahati 10, ulinzi 15, kinga 2. Oswin wa ngazi hiyo kwa wastani ana uhai karibu 31, nguvu 14, kasi karibu 6, bahati 4, ulinzi kati ya 14 na 15. Ni kama ndugu. Bahati ya Wallace ni faida halisi, maana inapunguza uwezekano wa adui kupiga pigo la hatari, lile lenye madhara mara tatu. Ila hadithi ya Lyn inakwisha muda mfupi baada yake kufika. Anarudi mbali sana kwenye hadithi kuu, akiwa jenerali, na mchezo mmoja hukupa ama yeye ama askari mwingine aitwaye Geitz, kamwe si wote wawili. Wakati huo malango yaliyohitaji mtu wa kuyaziba yamekwisha pita, na wachawi wamejaa. Takwimu zake hazina kosa, ila amechelewa.

Ukirudi nyuma hadi mchezo wa Roy, mvaa deraya aitwaye Barthe anaonyesha jinsi namba zile zile zinavyobadilika thamani. Ngazi ya 9 kama Oswin: uhai 25, nguvu 10, ustadi 6, kasi 5, bahati 2, ulinzi 14. Kwa ulinzi anamzidi. Tatizo ni mkono wake. Katika mchezo huo mkuki wa kurusha una ulengaji wa 55, wakati mwaka uliofuata ulipandishwa hadi 65. Ukiongeza juu ya ulengaji huo ustadi uliozidishwa kwa mbili, kisha nusu ya bahati, Barthe anapata 68 kabla ya kutoa ukwepaji wa adui, Oswin 84. Michezo hii huchukua wastani wa namba mbili za kubahatisha, kwa hiyo 68 ya kwenye skrini ni karibu 80 kwa kweli, na 84 ni karibu 95. Mmoja hukosa mara moja katika tano, mwingine mara moja katika ishirini. Kwa askari anayetegemea kujibu mapigo, hiyo ni tofauti kubwa kuliko pointi moja ya ulinzi.

Bors, wa mchezo huo huo, yupo tangu mwanzo kabisa na ulinzi wa 11, na katika sura zile za kwanza mtumie bila kusita. Dada yake Wendy ndiye yule niliyemwacha: anakuja ngazi ya 1 na nguvu 4 na ulinzi 8 wakati vita vimekwisha kuwa vikali. Ana mwendo wa mvaa deraya bila ugumu wake, na kumkuza kunawanyima wengine wengi nafasi.

Gilliam wa mchezo wa 2004 anafunga mjadala kwa njia nyingine. Ngazi ya 4, uhai 25, nguvu 9, kasi 3, ulinzi 9. Kwa kasi ni wa chini kuliko Oswin. Lakini mchezo huo unakuruhusu kuchagua cheo anachopandishwa. Akiwa jenerali anatembea miraba 5 na kubaki askari wa lango. Akipewa farasi anatembea 6, na kuanzia hapo silaha za kuvunjia deraya na zile za kuulia farasi zote zinamuumiza zaidi. Wengi huogopa udhaifu huo wa pande mbili. Mimi humpa farasi kila mara, kwa sababu silaha hizo zinaonekana kwenye mzigo wa adui kabla hujasogea, na ukishaziona unaweza kumweka nje ya ufikivu wao. Miraba aliyonyimwa jenerali hakuna mbinu ya kuirudisha.