Baridi Haileti Kifua Kikuu

Wiki iliyopita niliulizwa tena, safari hii na binamu yangu aliyenipigia simu kutoka Tanga: hao Wainuiti unaowauguza, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Kanada, wanaugua kifua kikuu kwa sababu ya baridi, sivyo? Sivyo. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno.

Kifua kikuu hupita hewani kutoka pafu hadi pafu, na hustawi penye msongamano. Iceland kuna baridi pia, na ugonjwa huu ni nadra. Lakini mwaka 2016, kiwango chake miongoni mwa Wainuiti wa Kanada kilikuwa karibu mara 300 ya kile cha wenzao waliozaliwa nchini humo wasio wa jamii za asili, na sensa ya mwaka huohuo ilikuta zaidi ya nusu ya Wainuiti wa kaskazini wamebanana katika nyumba zisizowatosha.

Januari moja niliingia nyumba ya vyumba viwili huko Nunavut, eneo la Wainuiti kaskazini mwa Kanada. Magodoro saba yalikuwa yameegemezwa ukutani, barafu imeganda upande wa ndani wa dirisha, na kijana ambaye makohozi yake yalikutwa na vimelea vya kifua kikuu amelala katikati ya wapwa zake. Tanga ningesema fungueni madirisha; pale, nje kukiwa nyuzi 35 chini ya sifuri, nilinyamaza. Baridi inahusika hapo tu, kwa kuwafungia watu pamoja, na anayeilaumu baridi anawasahau waliopaswa kujenga nyumba.

Bibi ya kijana yule alikataa kupanda ndege kwenda kupimwa kusini mwa Kanada. Zamani ningeuita ukaidi. Lakini katika miaka ya 1950 meli ya serikali iitwayo C.D. Howe ilipita vijijini na mashine ya eksirei, na waliokutwa na ugonjwa walipelekwa kusini, wengine bila kuaga. Baadhi walifia huko, na jamaa zao hawakuambiwa walikozikwa. Waziri Mkuu wa Kanada wa wakati huo, Justin Trudeau, aliomba radhi kwa hayo huko Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, mwaka 2019. Sikumshurutisha bibi yule, na mpaka leo sina hakika kama nilimtendea haki yeye au wajukuu zake.

Kwa maambukizi fiche, yaani vimelea vimo mwilini lakini mtu bado haugui, sasa tunatoa dawa za isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki, dozi 12, badala ya miezi 9 ya isoniazidi kila siku, na wengi zaidi wanamaliza. Serikali ya Kanada imeahidi kuutokomeza ugonjwa huu kwa Wainuiti ifikapo 2030. Siamini kwamba vidonge pekee vitatufikisha huko, maana kijana yule alipomaliza dawa alirudi kulala katika chumba kilekile, kwenye magodoro yaleyale saba.