"Nishapona presha mie": maneno ya barazani na ukweli wa vidonge

Ami yangu wa Wete aliacha vidonge siku ile ile aliyopimwa ikasoma 128/80. Alifurahi kwelikweli, karudi nyumbani kavitia vilobakia kwenye kopo la biskuti, kasema presha ishakwenda zake. Wiki tatu baadae nikavuka na boti kwenda harusini Pemba, nna kimashine changu kwenye mkoba, nikampima. Nikampima tena maana sikuamini. 186/108, na mwenyewe yupo mkekani anakula haluwa anacheka, kichwa hakimuumi, hana habari.

Sasa hii ya ami ndio dhana mama, nyengine zote ni watoto wake: ati presha ikishuka ndio umepona. Jamani, ile 128/80 haikuwa ya ami, ilikuwa ya kidonge. Dawa ya presha si kama dawa ya malaria unamaliza dozi unakwenda zako, hii inafanya kazi muda ule imo mwilini tu. Amlodipini kwa mfano, anayotumia yeye, inalegeza mishipa ya damu ili damu ipite bila kusukumwa kwa nguvu, ukiiacha inatoka taratibu kwa siku kadhaa, mishipa inarudi kukaza kama zamani. Na hapo ndipo watu wanapodanganyika, kwa sababu kesho yake huoni tofauti, kesho kutwa huoni, unasema si nilikwambieni, kumbe inapanda kidogo kidogo. Dawa nyengine hazina hata hiyo subira, atenololi ukiikata ghafla moyo unaweza kwenda mbio na presha ikaruka, mwenye maradhi ya moyo ndio hatari zaidi. Kwa hivyo kipimo kizuri maana yake dawa inakufaa, endelea. Wapo wanaopunguziwa dozi, hasa waliopungua uzito na wakapunguza chumvi, lakini anapunguza daktari, tena kwa kukufuatilia, si wewe na kopo la biskuti.

"Mie presha yangu naijua, ikipanda nasikia." Hili nalisikia kila siku na watu wanaapa. Ukweli ni kwamba wengi hawasikii kitu mpaka siku linapotokea la kutokea, mtu mdomo umekwenda upande mkono haunyanyuki. Na kichwa kinauma kwa mambo mia, njaa, usingizi, miwani, jua la saa saba. Ukinywa dawa siku unazoumwa kichwa tu basi unatibu kichwa. Presha inajulikana kwa mashine, na kawaida ikiwa 140/90 au zaidi siku tofauti tofauti ndio mtu anaambiwa anayo.

Na kupima nako kuna adabu zake, maana nimeona watu wanapimana barazani kikombe cha tatu cha kahawa kipo mkononi na mabishano ya mpira yamepamba moto halafu wanashangaa namba ya juu imesoma 160. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala usivute sigara, nenda msalani kwanza, kaa dakika tano kimya umeegemea, miguu chini usiikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na kile kitambaa cha mashine kifungwe kwenye mkono mtupu si juu ya kanzu. Usizungumze. Pima mara mbili uandike.

Haya, "dawa za presha zinaharibu figo". Hapa mambo yamegeuzwa juu chini. Kinachoharibu figo ni presha yenyewe, inapiga vile vimishipa vidogo miaka na miaka, na baadhi ya dawa hizi kama losartani na enalaprili wagonjwa wa figo wengine wanapewa makusudi kuzikinga. Ila zinataka upimwe damu, figo na potasiamu, wiki moja mbili baada ya kuanza na baadae mara moja moja, kwa hivyo ukiambiwa rudi ufanye kipimo usione unasumbuliwa.

Kinachonitia hofu mie ni kitu chengine kabisa. Mtu anakunywa losartani pamoja na kidonge cha kukojoza, halafu magoti yanamuuma anakwenda duka la dawa anachukua diklofenaki au ibuprofeni anakula wiki nzima kama karanga. Hizo zinapandisha presha, zinazuia dawa isifanye kazi vizuri, na zikikutana na hizo mbili ndio figo zinaelemewa kweli, na lawama anapewa nani? Dawa ya presha. Mwambie muuza dawa kabla hajakupa kitu, "nna presha, natumia hiki na hiki", bora uchukue na boksi lenyewe umuoneshe. Maumivu ya kawaida parasetamoli ni salama zaidi, ila si ile inayochemka kwenye maji maana ina chumvi ya sodiamu ndani yake. Hata dawa za mafua zipo zinazopandisha presha, uliza.

Habasoda, thomu, choya (rozela), hijama. Najua nitagombwa hapa. Mama yangu mwenyewe anatafuna thomu asubuhi na sijamkataza, na maji ya choya yameonekana kushusha presha kidogo. Lakini kidogo. Aliyekuwa 180 hawezi kuegemea kidogo. Tumia kama unapenda, mwambie daktari wako, na kidonge kibaki pale pale. Balungi ndilo la kuangalia, kwa wanaotumia nifedipini au amlodipini linaweza kuzidisha dawa mwilini, basi usijipangie kunywa maji yake kila siku.

"Nimesahau jana, leo nakunywa viwili." Hapana. Ukikumbuka siku ile ile kunywa, ukikumbuka wakati wa kinachofuata ushafika acha kilichopita uendelee na kimoja. Viwili kwa pamoja vinaweza kukushusha mpaka ukaanguka. Na ile ya kutia kidonge chini ya ulimi presha ikiwa juu ni mtindo wa zamani, ulikuwa wa nifedipini, uliachwa kwa sababu presha ikiporomoka ghafla ubongo na moyo vinakosa damu. Nifedipini za kutoa dawa taratibu hata kuzisaga haifai, usizitafune wala usizivunje, unaachia dozi ya siku nzima kwa mara moja. Ukipima ukaona 180/120 kaa utulie upime tena, na ikiwa kuna maumivu ya kifua, pumzi inabana, macho hayaoni vizuri, ulimi mzito au upande mmoja umelegea usipime tena, hospitali hapo hapo.

Ramadhani sasa, maana huku kwetu ndio mwezi wa watu kuacha dawa kimya kimya. Si lazima uchague baina ya funga na kidonge. Kidonge cha mara moja kwa siku mara nyingi kinahamishwa tu, futari au daku, na aliyekuwa anakunywa mara mbili anaweza kubadilishiwa cha siku nzima. Wa kuangalia sana ni mwenye dawa ya kukojoza, joto lile na kiu ile unaweza kukauka maji, huyo aende kwa daktari mapema, mwezi wa Shaabani, si mchana wa mfungo wa kumi ameshaona kizunguzungu. Na wanaobishana asubuhi au usiku ipi bora, mwaka 2022 ulitoka utafiti mkubwa wa Uingereza, watu zaidi ya 21,000, hakukuwa na tofauti kwa kiharusi wala mshtuko wa moyo. Chagua saa usiyoisahau.

Madhara madogo yapo, tusidanganyane. Enalaprili na kaptopirili zinaleta kikohozi kikavu, watu wanakunywa dawa za kifua miezi, kumbe ni kubadilishiwa tu. Midomo au ulimi ukivimba ni jambo jengine, acha dawa kimbia hospitali. Amlodipini inavimbisha miguu. Kizunguzungu ukiinuka, basi ukiamka alfajiri kaa kwanza ukingoni mwa kitanda ndio usimame. Nguvu za kiume, ndio, baadhi zinagusa, nyengine hazigusi, na presha yenyewe inagusa pia, sema kwa daktari usione haya. Kinachokuumiza kinabadilishwa, usikitupe ukanyamaza.

Na kidonge cha jirani usinywe. Mjamzito hasa, losartani na enalaprili zinamdhuru mtoto tumboni, wao wana zao kama methildopa, na anayetaka kuzaa aseme mapema.

Ami sasa kidonge kinakaa pembeni ya tasbihi yake, akimaliza alfajiri anakunywa, mjukuu anatia alama kwenye kalenda. Juzi kanipigia simu, 124/78, sauti imejaa furaha. "Mwanangu, sasa si niache?"